Msimbo wa sauti ukishasafishwa: uupime kwa masikio, kwa kebo, au kwa kadi ya kuigiza?

Umekaa siku tatu na faili la kiendeshi cha kadi ya sauti, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha kadi hiyo. Umefuta msimbo uliokuwa hautumiki, umeunganisha fanksheni mbili zilizofanana kama mapacha, majina yasiyoeleweka umeyapa maana, na checkpatch, inayokagua mtindo wa msimbo, haina neno tena. Kerneli ya Linux imejengeka bila onyo hata moja. Sasa unajiuliza: je, kifaa bado kinatoa sauti ileile kiliyokuwa kikitoa juzi?

Kuna njia tatu ambazo watu wa kazi hii huzitumia kila siku. Ya kwanza ni kusikiliza kwa masikio. Ya pili ni kuchomeka kebo inayotoa sauti kwenye tundu la kutokea na kuirudisha kwenye tundu la kuingilia, kisha kuchunguza kilichorekodiwa. Ya tatu ni kutumia kadi ya sauti isiyokuwepo, iliyoundwa na programu tupu. Kila moja ina watu wanaoiapia, na kila moja ina upofu wake. Upofu huo ndio nitakaoutazama zaidi, kwa sababu ndiko makosa yanakopenyea.

## Vigezo kwanza

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo yaleyale: makosa inayoyakamata; kama jaribio likirudiwa kesho, au na mtu mwingine, litatoa jibu lilelile; vifaa na maandalizi inayodai; makosa inayoyaficha; na mtu inayemfaa.

Kuna jambo linalotangulia yote hayo. Usafi wa msimbo una ngazi. Kubadili majina na kufuta mistari iliyokufa ni ngazi ya chini. Kupanga upya fanksheni na hesabu za bafa (akiba ya sauti inayosubiri kupigwa) ni ngazi ya kati. Kugusa mpangilio wa kuwasha na kuzima vipuri, misubirio, au jinsi kumbukumbu inavyoachiliwa ni ngazi ya juu, hata kama kwa macho inaonekana ni mstari mmoja tu. Ijue ngazi yako kabla hujachagua kipimo.

Na kabla hujagusa chochote, pima hali ya zamani. Hifadhi rekodi, na unakili yaliyomo kwenye /proc/asound/card0/pcm0p/sub0/hw_params wakati sauti inapigwa: aina ya sampuli (namba moja moja zinazounda wimbi la sauti), kasi, ukubwa wa piriodi (kipande cha bafa kinachoshughulikiwa kwa mkupuo) na wa bafa. Bila hivyo, siku utakaposikia mkwaruzo hutajua kama umeuleta wewe au umeukuta.

## Njia ya kwanza: masikio

Inachokamata. Sikio ni chombo kikali kuliko wengi wanavyodhani. Faili la 44100 Hz likipigwa kwa kasi ya 48000 Hz, sauti hupanda kwa karibu asilimia 9. Mwimbaji unayemfahamu anakuwa na sauti nyembamba, na wimbo wa dakika 4 unaisha sekunde 20 hivi kabla ya wakati. Mtu aliyeuzoea wimbo huo hahitaji chombo kumwambia kuna kasoro. Baiti zikibadilishana nafasi, muziki wa taratibu hugeuka kelele kali, na hilo hata jirani atalisikia.

Lakini kinachofanya masikio yasiwe na mbadala ni ule mshtuko mdogo wa spika, "pu!", unaotokea kikuza sauti (amplifaya) kinapowashwa kabla vipuri vilivyo nyuma yake havijatulia. Niliwahi kukuta msubirio wa milisekunde kadhaa katikati ya mpangilio wa kuwasha, hauna maelezo yoyote pembeni. Nikaufuta. Nikapiga wimbo, nikasimamisha, nikapiga tena mara kumi, kila kitu kikawa safi. Kesho yake asubuhi nilipowasha kompyuta na kupiga sauti ya kwanza, spika ikapiga "pu!" mpaka nikaruka kitini. Sababu ilikuwa hii: katika ASoC, sehemu ya ALSA (mfumo wa sauti wa Linux) inayohudumia vifaa vidogo na simu, vipuri havizimwi papo hapo sauti inapokoma. Kwa kawaida husubiri milisekunde 5000. Mimi nilikuwa narudia kupiga ndani ya sekunde mbili au tatu, kwa hiyo njia ya kuwasha upya haikupitiwa hata mara moja. Tangu hapo nahesabu sekunde kumi za kimya kati ya jaribio na jaribio.

Kurudiwa. Hapa masikio ni dhaifu. Huchoka, huzoea, na hupenda kusikia wanachotarajia. Ukishajiaminisha kwamba kiraka chako, yaani badiliko la msimbo unalotuma, hakijaharibu kitu, hutasikia kitu. Dawa mojawapo ni kumwomba mwenzako apige matoleo mawili, la zamani na jipya, bila kukuambia lipi ni lipi.

Vifaa. Kifaa chenyewe, spika na hedifoni. Hedifoni usizivae mwanzoni. Kama umegusa hesabu za ujazo au mpangilio wa baiti, ziweke mezani, shusha sauti hadi chini kabisa, piga, sikiliza kwa mbali, ndipo uvae. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwenye sauti ya 85 dB, na kila dB 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, kwa hiyo kwenye 100 dB unabaki na dakika 15. Hedifoni nyingi zinafika huko bila taabu, na kosa la biti moja linaweza kukupeleka huko ghafla.

Inachoficha. Muziki ni kipimo kibaya peke yake. Zile fanksheni mapacha nilizozitaja mwanzoni, moja ya kushoto na moja ya kulia, ni zangu: nilizifanya moja inayopokea namba ya chaneli, nikapiga wimbo, ukasikika vizuri, nikatuma kiraka. Mwimbaji wa wimbo ule alikuwa katikati na ala zimetapakaa pande zote mbili. Nilipokuja kuendesha `speaker-test -c 2 -t wav`, inayotamka jina la kila spika, jina la spika ya kushoto likatokea kulia. Pia masikio hayakai macho saa tatu kusubiri tiki moja, na hayajui kama sampuli moja imepotea katika elfu arobaini.

Inamfaa nani. Anayegusa mpangilio wa kuwasha, ujazo, kunyamazisha, utambuzi wa jeki, au kulala na kuamka kwa kompyuta. Na yeyote mwenye kifaa mkononi, hata kama ana njia nyingine: dakika tano za kusikiliza hazina gharama.

## Njia ya pili: kebo ya kurudisha

Inachokamata. Hapa unachukua kebo yenye jeki ya 3.5 mm pande zote mbili, unaunganisha tundu la hedifoni na la kuingizia sauti, unapiga mlio unaojulikana na kurekodi wakati huohuo. Chombo cha alsabat, kilichomo kwenye alsa-utils, kinafanya hivyo kwa amri moja: kinapiga mlio, kinarekodi, kinachambua masafa ya kilichorudi, na kutoa jibu la kupita au kushindwa. Mlio wake wa kawaida ni 997 Hz, na namba hiyo haikuokotwa njiani. Mlio wa 1000 Hz kwenye kasi ya 48000 Hz una sampuli 48 kamili kwa kila wimbi, kwa hiyo thamani zilezile 48 zinajirudia milele na maelfu ya thamani nyingine hazijaribiwi kamwe. 997 ni namba tasa. Wimbi lake halirudi mahali lilipoanza mpaka sekunde nzima ipite.

Hata hivyo, kwa kosa moja mahususi nakushauri uiache 997. Kifaa cha USB cha kasi ya kawaida hupokea pakiti moja kila milisekunde. Kwa 48000 Hz hizo ni sampuli 48. Ikiwa kiraka chako kinaruka pakiti moja, mlio wa 1000 Hz unaunganika palepale ulipokatika, kwa sababu kilichopotea ni wimbi moja kamili. Hutaona kitu. Kwa 997 Hz mwachano ni kama digrii moja tu, nao unapita bila kuonekana. Piga 440 Hz. Milisekunde moja ni 0.44 ya wimbi lake, kwa hiyo kiungo kinavunjika karibu na katikati, na kwenye mchoro wa Audacity, programu ya kuhariri sauti, unakiona kama jino lililong'oka.

Pakiti hizohizo zina mtego mwingine kwa msafishaji. Kwa 44100 Hz, kila milisekunde inadai sampuli 44.1. Haziwezekani, kwa hiyo kiendeshi hutuma 44 mara tisa na 45 mara ya kumi. Mistari inayobeba salio hilo huonekana kama uchafu, na mtu mwenye nia njema anaweza kuifupisha ikawa mgawanyo mmoja mfupi. Matokeo yake ni sampuli 100 pungufu kila sekunde. Msimbo utakuwa mzuri kusoma, na rekodi yako itakuwa na tiki zilizopangana kama shanga.

Kurudiwa. Nzuri sana. Unaweza kuiacha ikizunguka usiku kucha, asubuhi ukahesabu mapengo. Mwenzako mwenye kifaa cha aina ileile atapata jibu linalokaribia lako. Usitegemee biti kwa biti: sauti imegeuzwa kuwa umeme na kurudishwa kuwa namba, kelele ndogo haiepukiki.

Vifaa. Kebo ni rahisi, tundu ndilo gumu. Kompyuta nyingi za mapajani zina tundu moja la pamoja, na upande wake wa kuingilia ni wa maikrofoni: chaneli moja, umeme mdogo wa kuiwezesha maikrofoni, na ukuzaji mkubwa unaokata vilele vya wimbi. Ukiona kilele kimekuwa bapa, shusha sauti inayotoka kabla hujaulaumu msimbo. Kadi ndogo ya USB yenye tundu halisi la kuingizia sauti huondoa matatizo hayo kwa mkupuo.

Inachoficha. Mambo mawili, na yote mazito. Kwanza, kebo ikichomekwa kiendeshi kinaamini hedifoni zimevaliwa, kinanyamazisha spika, na tangu hapo njia ya spika haijaribiwi kabisa. Pili, makosa pacha hufutana. Ukigeuza kushoto kuwa kulia kwenye msimbo unaotumiwa na pande zote mbili, kupiga na kurekodi, sauti inarudi ikiwa sahihi. Hata kasi hufichwa: kadi ikidai inapiga na kurekodi kwa 44100 Hz huku saa yake inakwenda kwa 48000 Hz pande zote, ule mlio wa 997 Hz utarudi ukisomeka 997 Hz bila wasiwasi. Ndiyo maana mimi hurekodi kwa kadi ya pili, isiyoendeshwa na msimbo ninaousafisha. Ukishindwa kuipata, mpe kila chaneli mlio wake, halafu thibitisha kasi na pande kwa masikio.

Inamfaa nani. Aliyegusa hesabu za bafa, kielekezi, piriodi au pakiti. Kosa la kuchanganya baiti na fremu, kwa mfano, ambapo fremu moja ya biti 16 yenye chaneli mbili ni baiti 4, hutoa sauti inayosikika karibu sawa kwa muda fulani kabla haijaanza kujikanyaga.

## Njia ya tatu: kadi ya kuigiza

Inachokamata. Moduli ya snd-aloop inaunda kadi yenye vifaa viwili vilivyopakana: unachokipiga kwenye kimoja unakirekodi kwenye kingine, bila umeme na bila kelele. Hapa biti kwa biti inawezekana. Tengeneza faili ambalo sampuli zake zinahesabu 1, 2, 3 na kuendelea, lipige, lirekodi, kata kimya cha mwanzoni, kisha linganisha kwa `cmp`. Sampuli moja ikipotea unajua ni ya ngapi. Tumia jina la kifaa linaloanza na hw, kwa sababu plughw itabadilisha aina ya sampuli kimyakimya pale inapoona inafaa, nawe utakuwa unaipima yenyewe.

Ndugu yake, snd-pcmtest, anakwenda mbele zaidi. Anaweza kuchelewesha sauti makusudi na kurudisha makosa katika hatua mbalimbali, ukaona programu yako inafanya nini kadi inapokwama. Njia hizo za makosa ndizo zinazosafishwa kwa ujasiri na kujaribiwa kwa nadra, kwani kwenye kifaa kizima hazitokei.

Kurudiwa. Hakuna inayoifikia. Jibu ni lilelile kwako, kwangu, na kwenye seva isiyo na tundu hata moja.

Vifaa. `modprobe snd-aloop`, basi. Kumbuka tu kwamba pande zote mbili lazima zikubaliane aina ya sampuli, kasi na idadi ya chaneli.

Inachoficha. Hapa watu wengi hupotea, na naomba uniwie radhi nikisisitiza. Kadi ya kuigiza ina kiendeshi chake. Ukipakia snd-aloop na kuona kila jaribio limepita, kile kiendeshi ulichokisafisha siku tatu hakijaitwa hata mara moja. Ulichopima ni programu zilizo juu yake: uchanganyaji, ubadilishaji wa kasi, aina za sampuli, na jinsi programu inavyojinasua bafa inapokauka. Nimeona kiraka cha kiendeshi kikitumwa na maelezo kwamba kimejaribiwa, na jaribio lenyewe lilikuwa hilo. Aliyekituma hakudanganya; aliamini.

Pia inaficha saa. snd-aloop kwa kawaida huhesabu kwa saa ya mfumo, na pande zote mbili zinakwenda pamoja. Kadi mbili halisi kila moja ina fuwele yake. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, kwa 48000 Hz ni sampuli 2.4 kila sekunde. Programu inayohamisha sauti kutoka kadi moja kwenda nyingine, yenye akiba ya sampuli 1024, itaimaliza ndani ya dakika 7 hivi. Kwenye kadi ya kuigiza itapita mwaka mzima bila tiki.

Inamfaa nani. Anayesafisha programu au maktaba ya sauti, na anayetaka majaribio yajiendeshe kila msimbo unapobadilika.

## Kwa hali yako

Umebadili majina na kufuta msimbo uliokufa tu. Jenga faili kabla na baada, lifungue kwa `objdump -d`, ulinganishe. Maelekezo ya mashine yakiwa yaleyale, hakuna cha kusikiliza. Zikitofautiana namba za mistari zinazobebwa na jumbe za onyo, hilo halina shida. Tofauti nyingine yoyote ifuatilie mpaka uielewe.

Umegusa misubirio, mpangilio wa kuwasha, au umehamia kwenye kumbukumbu inayojiachilia yenyewe kwa devm. Masikio kwanza. Spika, kisha hedifoni, kisha chomeka na kuchomoa jeki sauti ikiendelea. Kaa kimya sekunde kumi kati ya majaribio. Laza kompyuta na uiamshe sauti ikiwa inapigwa, maana rejista za kipuri hupotea umeme unapokatika na lazima ziandikwe upya. Ondoa moduli na uipakie mara kadhaa. Devm hubadili mpangilio wa kuachilia vitu, na hilo hujitokeza wakati wa kuondoa.

Umegusa bafa au pakiti. Kebo, kadi ya pili, 440 Hz, usiku mzima. Jaribu 44100 na 48000, piriodi ndogo na kubwa. Asubuhi piga `speaker-test` dakika mbili kwa ajili ya pande.

Umesafisha programu, kiendeshi hukukigusa. Kadi ya kuigiza ibebe kazi, halafu kadi mbili halisi kwa nusu saa angalau, kwa sababu ya zile fuwele.

Kifaa huna. Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyokiri, hasa kwa viendeshi vya zamani. Kijenge, kipitishe kwenye sparse, inayokagua makosa ya msimbo bila kuuendesha, ligawe badiliko vipande vidogo kiasi kwamba `git bisect`, inayosaka badiliko lililoleta kosa, ikimfikia mtu itamwonyesha mistari kumi badala ya mia nne. Kisha andika wazi kwenye maelezo ya kiraka kwamba kimejengwa tu, hakijapigwa sauti, na mwombe mwenye kifaa akijaribu. Mwandikie cha kufanya hatua kwa hatua: amri gani, asubiri sekunde ngapi, asikilize nini, na hedifoni aziweke mezani kwanza.